Mikasi ya Msimu: Vibarua wa Bangi Kaskazini mwa California

Mwaka 1913 California ilipata mambo mawili ambayo wakati huo hayakuwa na uhusiano wowote. La kwanza lilikuwa sheria: bunge la jimbo lilirekebisha sheria yake ya sumu na kuiingiza bangi katika orodha ya vitu vilivyokatazwa. La pili lilitokea tarehe 3 Agosti karibu na mji wa Wheatland, katika shamba la familia ya Durst, ambako karibu watu 2,800, wakiwemo wanawake na watoto, walikuwa wamefika kuchuma hopsi, yaani maua ya mmea utambaao ambayo hutiwa katika bia ili kuipa uchungu wake. Mwenye shamba alikuwa ametangaza kazi mbali na karibu, akaita vibarua wengi kuliko aliowahitaji. Vyoo vilikuwa vichache, maji ya kunywa yalikuwa ya shida katika joto kali la bondeni, na sehemu ya ujira, senti 10 katika kila ratili 100 zilizochumwa, ilizuiliwa mpaka mwisho wa msimu ili anayeondoka mapema aikose. Mkutano wa hadhara wa vibarua ulipovamiwa na watu wa sherifu, watu wanne waliuawa: mwendesha mashtaka wa kaunti, naibu sherifu mmoja na vibarua wawili. Tume ya Uhamiaji na Makazi ya jimbo, ambayo ilikuwa changa bado, ilipewa kazi ya kuchunguza chanzo cha ghasia hizo, na kutokana na uchunguzi huo ukaguzi wa kambi za vibarua ukaanza kuwa kazi ya serikali.

Wataalamu wa mimea huiweka hopsi na bangi katika ukoo mmoja, na kwa mtazamo wa kibarua undugu huo unakwenda mbali kuliko mbegu na majani. Mimea yote miwili hulimwa kwa ajili ya maua, yote miwili huiva kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi, na yote miwili humtaka mwenye shamba apate mikono mingi kwa wiki chache, kisha aiage. Hata hivyo historia ya bangi huandikwa kwa kawaida kama historia ya wakulima, wavutaji na polisi. Ikitazamwa kutoka upande wa mtu aliyewasili Oktoba na kuondoka kabla ya Krismasi, inaonyesha jambo jingine: kwamba ujira mzuri wa kibarua ulitokana na katazo lenyewe, na kwamba sheria ilipokuja hatimaye kumlinda, ilimkuta ujira umeshashuka na kazi imeanza kuhamia kwingine.

Eneo linalohusika ni kaunti tatu za kaskazini mwa California, Humboldt, Mendocino na Trinity, ambazo kwa pamoja huitwa Pembetatu ya Zumaridi. Ni nchi ya milima iliyochongoka, mito mifupi yenye mikondo mikali, na misitu ya miti mirefu kuliko yote duniani, yenye majira mawili tu yanayomhusu mkulima, kiangazi kikavu na masika ya mvua nyingi inayoanza kunyesha Oktoba au Novemba. Kazi ya msimu haikuletwa huko na bangi. Mji wa Hopland, kusini mwa Mendocino, ulipata jina lake kutokana na hopsi, na kwa miongo mingi mavuno yake yalitegemea mikono ya familia za Wapomo, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao baada ya kunyang'anywa ardhi walirudi katika mabonde yaleyale wakiwa wachumaji wa kulipwa. Ukataji wa magogo nao ulifuata mvua: kazi ilishamiri katika miezi mikavu, na barabara za milimani zilipogeuka tope, wakataji walirudi mijini kusubiri.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ujenzi wa nyumba nchini Marekani uliongeza kiu ya mbao, na viwanda vya kupasulia magogo vikatapakaa katika kila bonde la Humboldt na Mendocino. Kufikia miaka ya 1960 sehemu kubwa ya miti ya thamani ilikuwa imekatwa. Mafuriko ya Desemba 1964 yakasomba madaraja, vijiji na magogo yaliyokuwa yamerundikwa kandokando ya mito. Na wamiliki waliobaki na vilima vilivyonyolewa wakaanza kuviuza kwa bei ndogo, mara nyingi katika vipande vya ekari 40 au zaidi. Wanunuzi walikuwa tayari. Baada ya kiangazi cha 1967, wakati mtaa wa Haight-Ashbury wa San Francisco ulipofurika vijana waliokataa maisha ya wazazi wao, wengi wao walianza kutafuta mahali pa kuishi kwa jembe, bila umeme wa gridi na bila bosi. Waliofika karibu na miji midogo ya Garberville na Redway walipanda mboga, wakafuga mbuzi, na pembeni mwa bustani wakapanda bangi kwa matumizi yao wenyewe.

Ugeuzaji wa mmea huo kuwa zao la biashara ulitokana na ufundi mmoja na tukio moja. Ufundi ni ule wa kuotesha bangi isiyo na mbegu, ambao Wamarekani waliujifunza kutokana na wakulima wa Mexico. Mmea wa bangi una dume na jike mbalimbali. Mkulima akiyatambua madume mapema na kuyang'oa kabla hayajamwaga chavua, jike lisilochavushwa huendelea kutoa maua na utomvu kwa wiki nyingi zaidi, na maua hayo yasiyo na mbegu huwa na nguvu na bei kubwa zaidi. Tukio lilikuwa uamuzi wa serikali ya Mexico, kwa msaada wa Marekani, wa kunyunyizia mashamba ya bangi kiuagugu cha parakwati katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Mwaka 1978 hofu ya sumu hiyo ilipoenea miongoni mwa wavutaji wa Marekani, bangi iliyooteshwa nyumbani ikapata soko ambalo wakulima wake hawakuwa wamelitarajia.

Ndipo kazi ya mikono ilipohitajika. Kulima bangi milimani kulihitaji watu wachache kwa muda mrefu. Kuivuna kulihitaji watu wengi kwa muda mfupi. Maua yakikaribia kuiva mwishoni mwa Septemba, mvua ya kwanza inaweza kuyatia ukungu wa kijivu unaoozesha shamba zima kutoka ndani ya ua kwenda nje, kwa hiyo mkulima hukata haraka, huning'iniza matawi kichwa chini katika banda lenye giza na upepo kwa wiki moja au mbili, kisha huanza hatua iliyowalisha vibarua wa eneo hilo kwa miaka 40. Hatua hiyo ni uchambuaji: kuondoa vijiti, majani mapana, na hatimaye vijani vidogo vinavyochomoza kutoka ndani ya ua, kimoja kimoja, kwa mkasi mdogo wenye ncha nyembamba, mpaka ua libaki duara na safi. Msomaji anayeyajua mavuno ya karafuu ya Pemba, ambako mchumaji hulipwa kwa kipimo na karafuu huchambuliwa vikonyo kwa vidole usiku kucha barazani, ataitambua kazi hii papo hapo, ingawa thamani iliyomo katika kiganja kimoja ilikuwa tofauti kabisa.

Ukaribu wa kazi hiyo unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio uliotengeneza kila kitu kingine. Mchambuaji alikaa katika kiti cha plastiki, sinia mapajani, chini ya taa iliyowashwa na jenereta, kwa saa 10, 12 au hata 14. Mkasi uliopendwa ulikuwa ule wa mpini wa rangi ya chungwa wa Fiskars, kampuni ya Finland iliyoutengeneza kwa ajili ya washonaji na watunza maua. Utomvu hujikusanya katika ncha mpaka mkasi unashindwa kufunguka, kwa hiyo kila mtu huwa na mikasi miwili au mitatu, mmoja mkononi na mingine ikiloweshwa katika kikopo cha spiriti au kupakwa mafuta ya kupikia. Jioni, maua yaliyosafishwa hupimwa. Ujira ulihesabiwa kwa ratili ya maua makavu yaliyochambuliwa, na ratili moja, ambayo ni karibu gramu 454, ndiyo iliyokuwa kazi ya siku nzima kwa mtu wa kawaida. Wenye mikono myepesi walifikisha mbili, na wageni walimaliza siku yao ya kwanza na nusu. Mkulima mwenye maua madogomadogo na malegevu alimpa kibarua hasara bila kumpunguzia senti, kwani ua dogo lina mikato mingi na uzito kidogo, na mapatano ya kweli kuhusu ujira yalianza pale kibarua alipofungua mfuko na kuona amepewa maua ya aina gani.

Katika miaka ya 1970 kazi hii haikuwa na soko la ajira. Ilifanywa na waliokuwepo: wake na waume, jirani aliyesaidia leo ili asaidiwe kesho, rafiki aliyetoka mjini akarudi na mfuko wa bangi badala ya fedha. Wanawake ndio waliokuwa wengi mezani, na mgawanyo huo, mwanamume shambani na mwanamke kwenye sinia, uliendelea hata baada ya fedha kuingia. Bei ilipopanda katika miaka ya 1980, serikali nayo ilipanda milimani. Mwaka 1983 ulianza mpango wa pamoja wa jimbo na serikali kuu wa kung'oa mashamba ya bangi, uliojulikana kwa kifupi chake CAMP, ambao kila kiangazi ulileta helikopta, magari na maofisa wenye silaha; na mwaka 1990, katika operesheni iliyofanyika kwenye milima ya King Range, askari wa jeshi la Marekani wenyewe walitumika dhidi ya mimea ndani ya nchi yao. Sheria za serikali kuu za miaka hiyo ziliweka kifungo cha chini cha miaka 5 kwa mtu mwenye mimea 100 au zaidi.

Msako huo haukuimaliza bangi, lakini ulibadilisha namna ya kutafuta kazi. Mashamba yaligawanywa vipande vidogo chini ya miti, mengine yakaingizwa ndani ya nyumba chini ya taa za jenereta za dizeli, na mkulima aliyejua kwamba mtu mmoja mwenye kinyongo anaweza kumgharimu ardhi na uhuru aliajiri tu yule aliyeletwa na mtu anayeaminika. Kwa hiyo aliyetaka kazi ya msimu alitafuta kwanza mdhamini. Hakuna aliyeuliza jina la pili, hakuna aliyeandika chochote, na ujira ulipanda kwa sababu ndani yake mlikuwa na malipo ya kunyamaza. Katikati ya miaka ya 1990, wakati ratili ya maua bora iliweza kuuzwa kwa dola 4,000 na zaidi, mchambuaji aliyelipwa dola 200 kwa ratili alichukua kiasi cha asilimia 5 ya bei ya kuuzia, na mkulima hakuwa na sababu ya kubishana naye. Ni hesabu ndogo, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini kiwango hicho cha dola 200 kilidumu kwa miaka mingi kana kwamba kimewekwa na chama cha wafanyakazi, ilhali hapakuwa na chama chochote.

Mlango ulianza kufunguka tarehe 5 Novemba 1996, wapiga kura wa California walipopitisha Pendekezo la 215, lililomruhusu mgonjwa mwenye ushauri wa daktari kulima na kutumia bangi. Kampeni yake ilikuwa na mizizi katika janga la UKIMWI la San Francisco, na mmoja wa waandishi wake wakuu alikuwa Dennis Peron, mwanaharakati aliyeendesha klabu ya kuwagawia wagonjwa bangi mjini humo. Sheria ya nyongeza ya mwaka 2003 ikaruhusu wagonjwa kulima kwa pamoja, na hapo bustani iliyokuwa imefichwa chini ya miti ikatoka juani ikiwa na nakala za vyeti vya madaktari zilizobandikwa langoni. Uhalali huo ulikuwa wa nusu: jimbo lilivumilia, serikali kuu ilikataza, na jimbo halikumpa mkulima leseni wala kumkagua. Ni katika nusu hiyo ndimo soko kubwa la kazi ya msimu lilipozaliwa, kwa maana hatari ilikuwa imepungua kiasi cha kumruhusu mkulima kuajiri mgeni, lakini haikuwa imepungua kiasi cha kuishusha bei.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, kila vuli, miji ya kandokando ya barabara kuu namba 101 ilipokea watu ambao wenyeji waliwabandika jina la utani lililochanganya uchambuaji na uhamiaji. Walikuwa wanafunzi walioahirisha masomo, wazungukaji wa sherehe za muziki, Wamarekani waliopoteza kazi katika mdororo wa uchumi wa 2008, na vijana kutoka Hispania, Argentina, Ufaransa, Italia na Israeli, ambao wengi wao waliingia kwa viza za utalii zisizoruhusu kazi. Huko Garberville waliketi kandokando ya barabara na mabegi yao, wakiinua vipande vya boksi vilivyochorwa mkasi, bila neno lolote, na madereva wa magari makubwa yenye matope walipunguza mwendo na kuwatazama. Kima cha chini cha mshahara wa California kilikuwa dola 8 kwa saa kutoka 2008 hadi katikati ya 2014. Kwa saa 10 hiyo ni dola 80, na mchambuaji wa kawaida alipata zaidi ya mara mbili ya hapo, fedha taslimu, bila kukatwa kodi, mara nyingi pamoja na chakula na mahali pa kusimika hema. Wafanyabiashara wa Garberville walilalamikia umati, choo cha umma na mbwa, huku maduka yao yakiuza mikasi, magunia ya kulalia na taa za kichwani kwa wateja walewale.

Waliopata kazi waliingia mahali ambapo sheria ya kazi ilikuwepo kwenye karatasi tu. Shamba lilikuwa mwisho wa barabara ya udongo yenye malango kadhaa yaliyofungwa kwa kufuli, simu haikushika mtandao, na kibarua hakujua jina halisi la bosi wala njia ya kutoka kwa miguu. Ujira mara nyingi ulilipwa mwishoni, baada ya mkulima kuuza, na ikiwa mnunuzi hakutokea, au mkulima alidai ameibiwa, kibarua alibaki na maneno matupu. Zile senti 10 za Wheatland zilizozuiliwa mpaka mwisho wa msimu zilikuwa zimerudi kwa sura kubwa zaidi, na safari hii hapakuwa na tume ya kukagua kambi, kwa sababu kambi rasmi haikuwepo. Sheria ya California humlinda mfanyakazi hata kama hana hati za ukaazi, lakini anayekwenda kwa Kamishna wa Kazi kudai fedha za bangi isiyo na leseni alipaswa kwanza kueleza alikuwa akifanya nini huko milimani. Wanawake walikuwa katika hatari ya pekee. Mwaka 2016 waandishi wa habari za uchunguzi wa Reveal walichapisha ripoti ndefu kuhusu unyanyasaji wa kingono na usafirishaji wa watu katika mashamba ya eneo hilo, na yaliyoandikwa humo hayakuwashangaza wenyeji, ambao tayari walikuwa wakiyanong'ona.

Si haki hata hivyo kuyachora mashamba yote kwa rangi moja. Palikuwa na wakulima waliowaita vibarua walewale mwaka baada ya mwaka, wakapika chakula cha jioni kwa watu kumi, na wakalipa kila Jumamosi. Ndoa zilifungwa kutokana na meza hizo, na wanafunzi walilipia vyuo vyao. Lakini wema uliotegemea tabia ya bosi mmoja haukuwa haki ambayo kibarua angeweza kuidai kwa bosi wa pili.

Inafaa kukumbuka pia kwamba wakulima wenyewe walikuwa na wasiwasi na uhalali kamili. Mwaka 2010, Pendekezo la 19 la kuhalalisha bangi kwa watu wazima lilipopigiwa kura, wengi katika kaunti hizo tatu walilikataa pamoja na wengi wa jimbo zima, wakihofia kampuni kubwa na kushuka kwa bei. Mwaka 2016 Pendekezo la 64 lilipita kwa asilimia 57 hivi, na mauzo yenye leseni yakaanza tarehe 1 Januari 2018.

Kwa kibarua, sheria mpya zilileta mambo ambayo hayakuwahi kuwepo mezani. Mwajiriwa alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 au zaidi. Aliandikwa, akapewa hati ya malipo, akakatiwa bima ya ajali kazini. Bangi ilipotambuliwa kuwa zao la kilimo, wafanyakazi wake wa shambani waliingia chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi za Kilimo ya mwaka 1975, iliyopatikana baada ya miaka ya migomo ya wachuma zabibu na mboga walioongozwa na César Chávez, na ambayo iliziba katika California pengo la sheria ya kazi ya kitaifa ya mwaka 1935 iliyowaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Sheria nyingine ya jimbo, iliyoanza kutumika 2016, ilimtaka mwajiri anayelipa kwa kipimo amlipe mfanyakazi kando kwa muda wa mapumziko yake, ili kusimama kunywa maji kusiwe hasara. Tena kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi, na tangu 2024 yenye 10 au zaidi, ilitakiwa kuwa na mkataba wa amani ya kazi, yaani makubaliano na chama cha wafanyakazi kwamba mwajiri hatazuia juhudi za kuwaandikisha watu wake na chama hakitavuruga shughuli zake.

Ulinzi huo ulifika wakati ambapo kilichokuwa kikilindwa kilikuwa kinayeyuka. Katazo lilipoondoka liliondoka na bei yake. Wakati wa kura ya 2016 wapiga kura walikuwa wameambiwa kwamba mashamba makubwa yangezuiwa kwa miaka mitano, lakini kanuni zilizotolewa Novemba 2017 hazikumzuia mtu kurundika leseni ndogo nyingi kwa jina moja, na kaunti ya Santa Barbara, iliyo mamia ya maili kusini, ikawa haraka na leseni nyingi kuliko kaunti karibu zote. Huko vitalu nyumba vya Carpinteria, mabanda makubwa ya kioo na nailoni yaliyojengwa kwa ajili ya maua ya kupamba, vilikuwa vimedorora tangu Marekani ilipofungua soko lake kwa maua ya Kolombia katika miaka ya 1990. Vilikuwa na mabomba, umeme, barabara ya lami na wafanyakazi waliokwisha kukaa karibu, hasa Wamexico, waliokuwa wakiletwa na mawakala wa vibarua, kila kundi na mnyapara wake. Bangi iliyoingia humo ilivunwa mwaka mzima. Hata kaskazini wakulima walijifunza kufunika vibanda vyao vya nailoni kwa turubai jeusi ili kuudanganya mmea kwamba usiku umerefuka, nao ukachanua mapema. Mavuno mawili au matatu yakasambaa kuanzia Juni, na ule msongamano wa Oktoba uliokuwa umewaita maelfu ukapungua.

Hesabu inasema yaliyobaki. Kodi ya kilimo ya jimbo ilianza 2018 kwa dola 9.25 kwa kila aunsi ya maua, ikafikia dola 10.08 mwanzoni mwa 2022. Ratili ina aunsi 16, kwa hiyo kila ratili ilidaiwa dola 161, bei yake iwe yoyote ile. Wakati huohuo bei ya maua ya nje, yaani yaliyooteshwa juani, ilishuka baada ya mavuno ya 2021 hadi chini ya dola 500 kwa ratili, na mara nyingine chini zaidi. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimefika dola 14 kwa mwajiri mdogo na 15 kwa mkubwa. Mchambuaji wa kawaida anayetumia saa 10 kwa ratili moja alimgharimu mwajiri anayefuata sheria dola 140 au zaidi, sawa na theluthi moja ya bei au karibu yake, mahali ambapo baba wa mkulima huyohuyo aliwahi kutoa asilimia 5 akicheka. Jimbo liliifuta kodi hiyo tarehe 1 Julai 2022, baada ya wakulima wengi wadogo kuacha. Waliobaki walinunua au kukodi mashine za kuchambulia, zenye pipa linalozunguka na visu chini yake, au waliuza maua yakiwa yamekatwa vijiti tu ili yachambuliwe kwingine. Uchambuaji wa mkono ukabaki kwa maua ya daraja la juu, ukiandikwa kwenye kopo kama sifa.

Upande wa pili wa sheria, ule wa shirikisho, ulibaki pale pale ulipowekwa na Sheria ya Vitu Vinavyodhibitiwa ya mwaka 1970. Mkulima wa stroberi anayekosa vibarua anaweza kuomba viza ya muda ya kazi za kilimo; mkulima wa bangi hawezi, hata awe na leseni ngapi za jimbo. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilieleza wazi katika mwongozo wake kwamba kazi katika biashara ya bangi, hata mahali ambapo jimbo limeihalalisha, inaweza kumnyima mwombaji uraia kwa kukosa mwenendo mwema. Kifungu hicho hakichagui mtu. Kinamhusu mchambuaji kutoka Oaxaca kama kinavyomhusu Mkongomani au Mkenya mwenye kadi ya kijani huko Ohio au Minnesota, majimbo yaliyohalalisha bangi mwaka 2023, anayeona tangazo la kazi ya ghalani lenye mshahara mzuri na kudhani kwamba kilichoruhusiwa dukani kimeruhusiwa pia katika fomu yake ya uraia.

Kazi kuingia ndani ya majengo kulileta pia ugonjwa ambao milimani ulipeperushwa na upepo. Vumbi la maua yaliyosagwa humfanya mfanyakazi mwenye mzio abanwe na kifua, na Januari 2022 mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha Holyoke, jimbo la Massachusetts, alifariki kwa pumu iliyotokana na kazi hiyo, kifo ambacho baadaye kilichunguzwa na kuandikwa na mamlaka za afya za Marekani. Uchambuaji wa zamani ulikuwa na madhara yake, vifundo vya mikono vilivyovimba na migongo iliyokataa kunyooka, lakini mapafu hayakuwa yakitajwa sana.

Kufikia miaka hii ya 2020 kazi ya msimu katika bangi halali ilikuwa imekwisha kupata sura ya kazi nyingine za mashambani za California, pamoja na hofu zake. Tarehe 10 Julai 2025 maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu walivamia mashamba mawili ya kampuni moja yenye leseni ya jimbo, moja Camarillo na jingine Carpinteria. Zaidi ya watu 300 walikamatwa, na kibarua mmoja kutoka Mexico alianguka kutoka juu ya kitalu nyumba na kufariki siku mbili baadaye. Katika maelezo yao maofisa walizungumzia hati za ukaazi na ajira za watoto. Wiki kadhaa baadaye kampuni ilitangaza kwamba imeachana na mawakala wa vibarua waliokuwa wakiiletea watu, na kwamba imetia saini mkataba mpya wa amani ya kazi na chama cha wafanyakazi.